Kumrudishia Papa Bolamba Diski Yake

Wenzangu, tangu nirudi kila mmoja wenu amekuja kwa wakati wake kuniuliza, na kila mmoja nimempa kipande. Mama Zuhura anajua habari za mashua, hajui za Simi-Simi. Jirani wa nyuma anajua nilianguka kwa pikipiki, na amekwisha kutangaza mpaka sokoni kwamba nilivunjika kiuno. Sikuvunjika kiuno. Wengine mlisikia tarumbeta ikilia nyumbani kwangu mchana kweupe mkadhani tumeoza binti kimyakimya. Basi nimekaa niandike yote mara moja, mpitishane, kisha mniache nipumzike. Mambo ya makaratasi na kutafuta nafasi kwenye mashua nayaruka, hayana utamu kwa mtu yeyote.

Kindu, kabla ya kuondoka

Mnamjua mume wangu Ramazani, fundi wa reli, mtu wa mizaha. Mnajua pia kwamba ugonjwa wa kusahau umemshika. Siku hizi ananiita "mama" kwa heshima tu, kama anavyomwita mama yeyote anayepita barabarani. Jioni ananishukuru kwa chakula, halafu ananiuliza kama kwangu hawanitafuti. Uulizwe hivyo mezani pako, na mtu uliyemzalia watoto! Inauma, siwafichi.

Kitu kimoja hakukisahau. Kila siku akishaoga anakaa kwenye kiti chake cha kamba na kuimba kwa pua wimbo mmoja usio na maneno. Anaupandisha polepole mpaka mahali ambapo saksofoni inatakiwa kuingia, na hapo anakwama. Ananigeukia.

"Kisha?" ananiuliza. "Kisha inaenda wapi?"

Mimi sijui. Zamani nilijua, nimesahau, na wala sina ugonjwa wa kunitetea. Akikosa jibu anahangaika, anafungua kabati, anainama kutafuta chini ya kitanda, na mara nyingine analia.

Wimbo ule ni wetu. Tulipokuwa vijana Kisangani kulikuwa na baa moja katika mtaa wa Makiso ambako wapenzi wa jazz walikutana Jumapili mchana, kila mtu na diski zake kwapani. Walikuwa na za Wamarekani weusi, na za okestra zetu zilizojiita jazz hata kama zilipiga rumba tupu. Binamu yangu alinipeleka, nikajibandika ukutani. Wimbo ule ukawekwa, na kijana mmoja mrefu akaja kusimama mbele yangu.

"Mademoiselle, tucheze?"

"Sijuwe kucheza, monsieur." Nilikuwa nadanganya, nilitaka aondoke.

"Miye pia sijuwe," akasema. "Tutadanganya batu."

Eti tuwadanganye watu! Nikacheka, nikasimama. Ndoa yangu ilianzia hapo, mkitaka mnaweza kumwambia imamu.

Sasa, desturi mbili za watu wale lazima mzijue, la sivyo hamtanielewa huko mbele. Ya kwanza, kila mmoja alibandika karatasi ya kaki katikati ya diski, juu ya maandishi, ili mpinzani wake asisome jina la wimbo akaenda kuutafuta. Wivu mtupu! Ukizitoa diski zao kwenye majalada, zote zinafanana, huwezi kujua ipi ni ipi mpaka uweke sindano.

Ya pili, mtu akihamia mbali alimwachia rafiki yake diski anayoipenda kuliko zote, naye akachukua ile ambayo rafiki anaipenda kuliko zote. Waliita kuachiana sikio. Hapo hakuna aliyeuza wala aliyetoa zawadi. Ukiitamani yako, unarudi na ya mwenzako mkononi, mnaketi, mnasikiliza zote mbili, kila mmoja anachukua yake. Ilikuwa njia yao ya kulazimishana kuonana tena.

Reli ilipomhamishia Ramazani hapa Kindu, aliachiana sikio na Papa Bolamba, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Wimbo wetu, wenye jalada jekundu, ulibaki Kisangani. Sisi tulikuja na diski ya Bolamba, jalada la bluu lenye picha ya mtu wa kofia ameshika saksofoni. Gramafoni hatukuweza kuibeba, na huku hatukupata nyingine. Zikaja kaseti, zikaja CD, na diski ya bluu ikakaa juu ya kabati bila kuguswa na sindano hata siku moja. Bolamba hakuandika. Ramazani alikuwa akisema, "Mwache, nitaenda mwenyewe." Vita vikaja, kisha uzee ukaja, na hakwenda.

Watoto wananiambia, Mama, si utafute huo wimbo kwenye simu? Nitafute nini, jina silijui na maneno hauna! Nikaona hakuna njia nyingine. Nikaifunga diski ya bluu ndani ya kitenge, nikamwacha Ramazani na binti yetu Mwamini, nikashuka bandarini. Nilikuwa naenda kumrudishia Papa Bolamba diski yake ili anipe yetu, kabla mzee hajausahau hata ule mwanzo.

Majini, kuelekea Lowa

Baliniere, ile mashua ndefu ya mbao yenye injini, ilijaa mafuta ya mawese, mihogo mikavu, mbuzi na watu, kwa mpangilio huo wa umuhimu. Mimi nilipata nafasi juu ya magunia, chini ya turubai. Diski haipendi jua, ikipata joto inajikunja kama chapati, kwa hiyo niliikumbatia kifuani na kuifunika kanga. Sikuiweka chini hata wakati wa kula.

Karibu yangu alikaa mama mmoja mnene mwenye sauti nzuri, mchuuzi wa samaki wa chumvi, jina lake Georgine. Alinitazama muda mrefu, halafu akasogea.

"Pole sana, mama. Ni bwana?"

Mimi mawazo yangu yote yalikuwa kwa Ramazani. Nikajibu, "Ndiyo, dada, ni mambo ya bwana."

"Unamupeleka kwao?"

"Napeleka Kisangani."

Akanishika mkono, akatikisa kichwa, akaenda kunong'ona na wenzake. Kuanzia hapo nikawa malkia. Mwanamume mmoja alinipisha mahali pazuri pasipo na moshi. Nikaletewa chai, nikaletewa kwanga, ule mkate wa muhogo, na kipande cha samaki chenye nyama. Watu waliopita mbele yangu walivua kofia. Nilijiambia, kumbe abiria wa siku hizi wana adabu kiasi hiki!

Kisha akaja mchungaji aliyekuwa safarini pamoja nasi, akaomba watu wanyamaze, akafumba macho. "Bwana," akasema, "tunaweka mbele yako ule baba ambaye picha yake mama yetu iko nabeba ku roho."

Ndipo nikaelewa. Kitu cha mraba, bapa, kimefungwa kitenge, mwanamke amekikumbatia na hakiachi. Walidhani ni picha ya marehemu ndani ya fremu, ile tunayobeba msibani. Ningefanya nini, nimkatize mtu wa Mungu? Nilikaa nimeinamisha kichwa, na cha ajabu machozi yakanitoka ya kweli, kwa sababu maneno yake yote yalinihusu. Aliomba juu ya mwanamke anayelala pembeni ya mahali patupu. Mimi nalala pembeni ya mume mzima, na mahali penyewe ni patupu.

Baada ya amina nikasema, "Asanteni. Ila bwana yangu iko muzima. Iko Kindu, anakula vizuri. Hii ni diski ya muziki."

Waliokuwa wamevua kofia wakazivaa.

"Mama," Georgine akasema, "sisi tulilia."

"Mulilia muzuri, dada. Mungu atawalipa."

Yule mwanamume akarudi kudai nafasi yake isiyo na moshi.

Lowa, injini ilipotugomea

Kabla ya Lowa tulikwama mchangani, tukajikwamua. Tulipofika Lowa kwenyewe injini ikakohoa na kunyamaza kabisa. Fundi alifungua vyuma vyake kwenye jani la mgomba na kutuambia "bado kidogo". Mnaijua "bado kidogo" ya fundi. Tulikaa pale hadi nikafahamiana na kuku wa bandarini.

Georgine alininunia siku nzima, halafu udaku ukamshinda. Alikuja na samaki aliyepikwa ndani ya majani, tukala, mimi kwa mkono mmoja maana mwingine nilishikia mzigo, akataka kujua ni muziki gani huu unaobebwa kama marehemu. Nikamweleza habari za "Kisha?" na za kabati linalofunguliwa.

Alitoa mwiba wa samaki mdomoni. Kisha akasema, "Papa yangu pia alikuwa vile. Yeye alikuwa anatafuta nyundo. Tulimununulia nyundo tatu. Anasema hapana, si hii."

"Mulipata ile alikuwa anatafuta?"

"Hatukupata. Tulimuzika na zote tatu." Akacheka, akajifuta macho kwa upindo wa kitenge. "Wewe unajua chenye anatafuta. Enda ukamutafutie."

Pale palikuwa na mtandao mwembamba, ukisimama juu ya gogo fulani unaupata. Nikampigia Mwamini. Alisema papa anaimba kama kawaida, anakwama palepale, na anauliza yule mama wa chakula ameenda wapi. Nilifurahi kutafutwa, hata kwa jina hilo.

Ubundu hadi ukingo wa Lubunga

Injini ilikubali mwishowe, tukafika Ubundu. Baada ya hapo maporomoko yanafunga mto, na treni ya siku hizi ni hadithi. Unapanda pikipiki, unafuata njia ya msituni kando ya reli. Ile reli Ramazani ameitengeneza kwa mikono yake, na kuona miti imeota kati ya vyuma kulinikata maini. Zamani tulipita hapo tumekaa dirishani tunakula karanga.

Mwenye pikipiki, Dieudo, mtu mzima mwenye ndevu na hasira zake, alitaka kufunga mzigo wangu nyuma pamoja na kuku.

"Hii haifungwi na kuku," nikamwambia.

"Mama, iko kitu gani? Kioo?"

"Iko zaidi ya kioo."

"Bon. Ikivunjika, miye simo."

Akaiacha kati ya mgongo wake na kifua changu, na njia nzima alilalamika kwamba inamchoma mbavu. Tulivuka madaraja ya magogo mawili mawili huku mimi nikisoma kila sura niliyowahi kufundishwa. Daraja halikutuangusha. Kilichotuangusha ni matope mepesi kabisa, mahali ambapo hata mtoto angepita. Gurudumu likateleza, nikaona mbingu, nikaanguka kwa mgongo na diski nimeiinua juu kwa mikono miwili. Dieudo alinyanyuka akiwa na matope mpaka ndevuni, akanikuta nimelala chali, mzigo hewani.

"Mama! Umeumia?"

"Shika kwanza hii!"

Aliipokea, akaipapasa pembe zote nne, akasema taratibu, "Iko nzima." Tangu hapo hakulalamika tena juu ya mbavu. Kiuno changu kilivimba kidogo tu, jirani wa nyuma asikie.

Mangobo na Makiso

Ukifika Lubunga unauona mji ng'ambo ya mto. Nilivuka kwa mtumbwi. Nilitoka Kisangani nina kiuno chembamba na mume anayejua jina langu. Harufu ilikuwa ileile, samaki wa kukaangwa, mafuta ya injini na mvua.

Nililala Mangobo kwa mpwa wangu Anifa, akanipikia lituma, ndizi zilizopondwa mpaka zikawa laini, na mchuzi wa samaki. Kesho yake tukaenda Makiso kuitafuta baa yetu. Ukuta niliojibandika ujana wangu upo, umepakwa rangi ya kampuni fulani ya simu, na ndani wanauza saruji. Nilisimama mbele ya mifuko ya saruji nikijaribu kukumbuka gramafoni ilikaa upande gani. Mwuzaji akaniuliza ninajenga nini.

Anifa akanipeleka kwa Tonton Félix, anayeuza CD za zamani na kuwapakia watu nyimbo kwenye simu. Kumbe wapenzi wa jazz hawajaisha! Kwenye benchi lake niliwakuta wazee wawili wanabishana kuhusu CD moja. Mmoja anataka kuibadilisha na mbili, mwingine anasema hata kwa tano hatoi, na hakuna anayenunua chochote. Nikataka kulia kwa furaha. Nilimwimbia Félix ule mwanzo. Alisikiliza kwa makini, akatafuta, akaniwekea wimbo wa kwaya ya kanisa.

"Si huu," nikasema.

"Karibu huu?"

"Wala karibu."

Nikamwuliza Papa Bolamba. Uso ukamchangamka. "Bolamba ya Simi-Simi! Ule mzee iko na masikio, mama. Anakuja kila mwezi kubadilisha. Na wewe ni nani wake?"

"Miye ni Feza, bibi ya Ramazani ya Kindu."

Wale wawili wakaacha kubishana. Félix akapunguza sauti ya redio. "Mama," akasema, "ile jina ya Ramazani, kwa Bolamba haitajwi."

"Juu ya nini?"

"Sisi hatujue. Ukitaja, anafunga mulango."

Kabla sijauliza zaidi simu ikalia, alikuwa Mwamini. Alianza kwa kuzunguka, kwamba papa amekula, papa amelala vizuri.

"Sema, mwanangu."

"Mama, haimbi tena. Tangu juzi anakaa tu. Nimejaribu kumwanzishia, ananitazama."

Nilikaa kwenye benchi kati ya wale wazee wawili, na mmoja wao, bila kuniuliza kitu, akaanza kunipepea kwa ile CD aliyokuwa hataki kuitoa.

Simi-Simi

Toleka, yaani baiskeli ya abiria, ilinifikisha karibu na ule uwanja wa ndege wa zamani. Papa Bolamba alikuwa barazani na fulana yake, mwembamba, masikio makubwa yaleyale. Alininyanyukia kwa adabu. "Karibu, mama."

"Papa Bolamba, ni miye, Feza. Bibi ya Ramazani. Nimekuletea diski yako."

Uso wake ulikunjamana palepale. "Diski yangu iko hapa," akasema. "Iko hapa tangu ile siku. Enda ukaulize bwana yako." Akaingia ndani, akasukuma mlango.

Wenzangu, mnanijua. Nimeombewa kama mjane, nimeanguka matopeni, nimelala na kuku, halafu nifungiwe mlango? Nilikaa kwenye kiti chake mwenyewe na kusema kwa sauti ya mwalimu darasani, majirani wote wasikie, kwamba sitoki pale, na kama ni kuzikwa watanizika Simi-Simi. Mkwe wake, Bijou, akatoka na chai, akaniomba nishushe sauti. Nikaipandisha.

Mlango ukafunguka. Bolamba alitoka na jalada jekundu mkononi. Letu! Akaichomoa diski, akanionyesha ile karatasi ya kaki.

"Ndani ya jalada ya bwana yako, iko diski yangu. Ile jioni mulifunga mizigo, miye nilirudi hapa, nikaweka sindano, nikasikia nini? Mutu yangu ya kofia! Ramazani alijuta. Hakutaka kuacha wimbo yake. Akaona haya kusema, akanirudishia yangu kinyemela, na asubuhi munapanda treni. Angesema tu! Ningemwambia, baki nayo, rafiki. Tulikula sahani moja, Feza." Miaka yote, na bado kilikuwa kidonda kibichi.

"Ramazani hajui kuiba hata kwenye karata," nikasema. "Na hii nabeba ni nini, kama si yako?"

"Ulisha kuisikia?"

Hakuna aliyewahi kuisikia. Si mimi, si Ramazani. Tuliamini jalada.

Bolamba akaita, "Bijou! Courant iko?"

"Hapana, papa. Tangu asubuhi."

Gramafoni yake ndogo inatumia umeme au betri, na betri zilikuwa zimekufa. Basi tukangoja, maadui wawili kwenye baraza moja, lituma katikati. Taratibu akaanza kuuliza. Ramazani anafanya nini siku hizi? Mbona hakuja mwenyewe? Nikamweleza yote, ule wimbo, pale anapokwama, na kwamba tangu juzi amenyamaza.

"Miye ananikumbuka?" akauliza.

"Hata miye hanikumbuki, papa."

Akaacha kula.

Mara mtaa mzima ukapiga kelele, "Courant!" Bolamba aliingia ndani karibu kwa mbio. Aliitoa diski kwenye jalada la bluu, akaifuta kwa fulana yake, akateremsha sindano. Kwanza ile mikwaruzo. Kisha gitaa, kisha ule mwanzo wetu, palepale, unapanda polepole kama Ramazani anavyouimba kwenye kiti chake cha kamba. Nilishika ukuta. Ukafika mahali pa kukwama, na saksofoni ikaingia. Kumbe haipandi! Inashuka. Inashuka chini kabisa, inatulia huko, na tarumbeta inaifuata. Miaka yote hii tulikuwa tunaitafuta juu.

Nililia kwa sauti, sikuona haya. Nilikuwa nimeubeba kifuani tangu Kindu.

Bolamba alikuwa amejifunika uso. "Ile siku tulisikiliza zote mbili," akasema. "Tulikunywa, tulilia kama batoto. Na nani alirudisha diski ndani ya jalada? Ramazani alikuwa anafunga kamba ya mizigo. Ni miye, Feza. Ni hii mikono yangu." Akaitazama mikono yenyewe. "Nimemukasirikia mutu miaka yote hii juu ya kosa yangu."

Niliinua sindano, nikaurudisha wimbo mwanzo, tukausikiliza tena.

Asubuhi alinitengenezea mzigo mwenyewe. Kila diski aliirudisha kwenye jalada lake, na safari hii alihakikisha kwa sindano. Kisha akakuna kichwa. "Kwa desturi," akasema, "sikio hatujaachiana bado. Sasa ya bluu inaenda Kindu, na wimbo yenu inabaki huku kwangu."

Nikalishika jalada jekundu.

"Lakini ile desturi ilikuwa ya batu benye kukumbuka," akaendelea. "Beba zote mbili. Na hii gramafoni pia, Bijou ametafuta betri. Miye nitakuja kusikiliza. Mwambie hivyo, hata kama hatajuwa ni nani."

Kurudi

Kurudi sisimulii, ni mateso yaleyale ila dhidi ya mkondo. Dieudo alinibeba tena, akaifunga gramafoni kifuani pake mwenyewe. Kila nilipopata mtandao nilimpigia Mwamini, na kila mara jibu lilikuwa moja, haimbi.

Nilimkuta kwenye kiti cha kamba, anatazama ukuta. Nilimsalimia, akaniitikia kwa adabu, "Karibu, mama." Sikubadilisha nguo wala sikunywa maji. Niliweka gramafoni juu ya kigoda, nikatoa diski kwenye jalada jekundu, na sindano ikaruka mara ya kwanza.

Mikwaruzo ikaanza. Hakugeuka. Gitaa likaingia, na kichwa kikainuka kidogo. Wimbo ukapanda, ukapanda, ukafika palepale. Nikamwona anafungua kinywa aulize. Saksofoni ikashuka.

"Aaa," akasema Ramazani. "Inashuka."

Alisikiliza mpaka tarumbeta ikaingia. Kisha akanitazama. Alinitazama sana, kuanzia miguu yangu yenye matope. Akafunga kifungo cha juu cha shati lake, akasimama bila kushikwa na mtu, akanyoosha mkono.

"Mademoiselle, tucheze?"

Mwamini alikuwa mlangoni, ameziba mdomo kwa viganja. Mimi nikajifuta mikono kwa kitenge.

"Sijuwe kucheza, monsieur."

"Miye pia sijuwe," akasema. "Tutadanganya batu."